Tambi za Pweza na Kibali cha Paolo

Niacheni nijicheke mimi kwanza, kisha nanyi mcheke. Nafanya kazi katika afisi ya hoteli moja hapa Malindi. Kibali cha kazi cha mpishi wetu Mwitaliano, Paolo, kilikaribia kuisha, nami ndiye niliyeandika barua ya kuomba kipya. Niliandika kwa mbwembwe kwamba tumetafuta pwani nzima, hatukupata Mkenya hata mmoja awezaye kupika vyakula vyake.

Juzi akaja afisa wa uhamiaji kuhakikisha. Nilimweleza kwamba Paolo amelazwa kwa malaria, akaelewa. Ilibaki sahihi yake tu, aende zake. Lakini kwetu mgeni haondoki na njaa. Nikamketisha, nikamwagizia tambi za pweza, chakula kile kile nilichokitaja katika barua.

Alikula mpaka akapangusa sahani kwa mkate.

"Mashallah! Nani kapika?"

Sifa zikanipanda kichwani. "Ni Kadzo wetu, mzaliwa wa Ganze, papa hapa pwani! Ngoja nimwite umwone."

Kadzo akatoka jikoni akijifuta mikono. "Shikamoo."

"Marahaba. Umejifunza wapi, binti?"

"Hapa hapa, huu mwaka wa nne. Siku hizi napika mimi, Bwana Paolo huonja tu."

Afisa akafungua faili, akaitoa barua yangu, akanisogezea kalamu.

"Haya, ndugu yangu. Hapa ulipoandika kwamba hamkumpata hata mmoja, andika jina lake."