Wimbo Uliokataliwa na Mpiga Ngoma

Walimwita Nyundo, na jina lilimkaa. Mchana alinyoosha bodi za magari yaliyogongwa. Jioni, katika chumba cha kupakia rangi cha gereji yake ileile, alipiga ngoma katika bendi ya hevi metali. Majirani walidai hawaoni tofauti. Mteja aliyethubutu kumwambia kwamba metali ni makelele tu alirudishiwa gari limenyooka vizuri, ila kwaheri hakupewa.

Alikuwa na sababu ya kiburi: bendi yao haikuwahi kutoa wimbo mbovu. Bendi nyingine zilitoa albamu zenye nyimbo mbili za maana juu na takataka za kujazia chini. Wao hapana. Kila wimbo mpya ulipigwa kwanza mkavu, magitaa bila umeme, Nyundo akipiga viganja juu ya tairi kuukuu. Ukisimama, ndipo amplifaya zilipowashwa. Ukilegea, ulitupwa, uwe wa nani. Aliyeanzisha utaratibu huo ni kaka yake, mpiga gitaa, ambaye nyimbo zake mwenyewe alizitupa bila kuuliza mtu.

Kaka huyo alipofariki, mwimbaji wa bendi, mume wa dada yao, alikuja na simu yenye wimbo ambao marehemu alijirekodi akiwa mgonjwa kitandani.

"Huu ndio wa kufungia albamu," alisema. "Watu watalia."

Nyundo aliusikiliza amesimama. "Tuupige mkavu."

"Shemeji, wimbo wa marehemu unaujaribu? Huna haya?"

"Ninayo. Ndiyo maana naujaribu."

Wakaupiga. Ubeti wa kwanza ukaenda. Kilipofika kiitikio, mpiga besi akainamisha macho. Kilikuwa kiitikio cha wimbo wao wa zamani, kimebadilishwa nguo tu, na kimechoka. Viganja vya Nyundo vikakoma vyenyewe.

"Basi," akasema.

"Basi nini? Tukiwasha umeme utajaa."

"Umeme unajaza nini? Hiyo ni kupaka rangi juu ya kutu! Kazi hiyo naijua, na siifanyi."

Dada yao alikuwa amesimama mlangoni, wala hawakujua tangu lini. "Yaani kaka yako kaburi bado bichi, nawe unamtoa kasoro?"

"Dada, mkiutoa, watausikiliza kwa huruma. Watasema maskini, alikuwa anaumwa. Kaka yetu hakuwahi kuhurumiwa kwenye gitaa hata siku moja! Mnataka aanze leo, hayupo wa kujitetea?"

"Mimi nataka sauti yake."

"Kaa nayo. Isikilize nyumbani mpaka uchoke. Usiiuze."

Mwimbaji akacheka kwa dharau. "Wapiga ngoma wamejaa tele, bwana."

"Waite!" Nyundo akaanza kufungua matoazi yake. "Lakini jina la kaka yangu hamtalichafua mimi nikiwa nimekaa hapa nawapigia."

Dada akamnyooshea mumewe kiganja.

"Nipe simu."

"Mke wangu, subiri kwanza..."

"Nimesema nipe."

Akaichukua, akaondoka bila kumtazama ndugu yake.

Albamu ilitoka bila wimbo ule. Nyundo aliipeleka mwenyewe kwa dada yake, ambaye tangu siku ile hakuwa amemsemesha. Dada akaipokea, akamwacha nje, akaisikiliza yote. Kisha akafungua mlango.

"Wa mwisho ni wako?"

"Wangu."

"Marehemu aliukubali?"

"Aliukataa. Nikautengeneza, akaukataa tena, akanifokea mbele ya mafundi wangu. Nilitaka kumpiga spana, lakini nikautengeneza tena. Sasa unaona ulivyotulia."

"Nimeona." Midomo ilimcheza, akaikaza. "Lakini bado nimekukasirikia, na sijamaliza."

"Kasirika tu, dada. Mimi mwenyewe nimewakasirikia nyote."

"Haya, nenda zako."

Akaubamiza mlango. Nyundo alibaki barazani, amekunja ngumi, akisikiliza. Ndani, albamu ilikuwa imeanza upya.