Beseni la Nyanchoka

Nyanchoka wa kijiji cha Gesima hakuwa na watu wengi. Mumewe alikufa zamani, na watoto wake wawili wako Nairobi, hupiga simu Krismasi. Asubuhi alichuma chai yake, akaipeleka kwenye kituo cha kuuzia majani, akarudi kunywa uji. Alikuwa na rafiki mmoja tu, Tryphosa. Kwa miaka kumi na tisa wawili hao walioshana miguu kanisani kila robo ya mwaka, kabla ya Meza ya Bwana. Sisi Waadventista hatupangiwi mwenzi. Kila mwanamke huchagua wa kuoshana naye, na mazoea hayo huwa undugu.

Mwaka jana, mwezi wa pili, mdomo wa Nyanchoka ulianza kuwaka, ulimi ukajaa madoa meupe. Tryphosa aliyaona walipokuwa wakiimba. Hakumwuliza mwenyewe, aliwauliza wengine. Ilipofika Sabato ya kuoshana miguu, mwezi wa tatu, kijiji kizima kilikuwa kimeshaupa ugonjwa ule jina, na jina lilikuwa ukimwi. Tryphosa alichota maji akampelekea mke wa mzee wa kanisa. Nyanchoka alikaa kwenye benchi, soksi mkononi, mpaka wimbo ukaisha. Nilikuwepo, na mimi nilikuwa na beseni. Sina udhuru.

Jumatatu alikwenda zahanati. Daktari Ombui alimchunguza mdomo, na kwa ombi la Nyanchoka akampima damu. Virusi hakuwa navyo. Alikuwa na fangasi. Ombui alitaka kujua anameza nini, naye Nyanchoka akatoa mfukoni vidonge vya mafua anavyojinunulia dukani na kumeza kila siku, mwaka wa pili huo. Tena alikuwa akilala na meno ya bandia.

Ombui alimweleza kwamba fangasi hiyo hukaa mdomoni mwa watu wengi bila kuwadhuru, kwa sababu mate yana protini ndogo ambazo mwili hujitengenezea, nazo huitoboa na kuiua kabla haijaenea. Vidonge vile vilikuwa vimemkausha mate, na mdomo ukabaki bila mlinzi.

"Ukitafuna na kuzungumza, mate huja," alisema. "Nyumbani unazungumza na nani, mama?"

Nyanchoka alifikiri.

"Na ng'ombe."

Ombui alitaka kucheka, akaona mwenzake hacheki.

Alimpa dawa ya kudondosha mdomoni, akamwachisha vile vidonge. Alimwandikia pia karatasi ya majibu ya damu, amwonyeshe yeyote anayemsema. Madoa yaliisha baada ya wiki mbili. Karatasi aliiweka ndani ya Biblia, na kila Sabato aliibeba kanisani akarudi nayo. Ingemrudishia Tryphosa siku ile ile angeionyesha. Baadaye nilimwuliza kwa nini hakuitoa.

"Nikiitoa," alisema, "nitakuwa nimekubali kwamba mwenye virusi hafai kuoshwa miguu."

Sabato ya kuoshana ilipofika tena, mwezi wa sita, Tryphosa alikuwa ameshaona ulimi umetakata. Alivua viatu, akasogea kwenye benchi kumwachia nafasi. Nyanchoka alijaza beseni, akampita. Alikwenda mpaka mlangoni alikokaa Phanice, mjane kijana ambaye sote tunajua anatumia dawa za virusi, na ambaye kila robo ya mwaka alijiosha mwenyewe. Akapiga magoti mbele yake.

Phanice hakutoa mguu upesi.

"Miaka minne umekuwa ukinipita, mama," alisema polepole.

Ilikuwa kweli. Nyanchoka aliosha mguu wa kushoto, kisha wa kulia, akaifuta, akasubiri. Phanice alichukua beseni, akaenda kuchota maji mengine.

Tangu siku hiyo Tryphosa hajakanyaga kwake. Jioni Nyanchoka hutafuna ndizi ya kuchoma polepole, kisha huweka meno kwenye kikombe cha maji. Jumatano Phanice huja, hukaa mpaka chai iishe, huondoka. Siku nyingine sita, ni yeye na ng'ombe.