Hitima Katika Hifadhi ya Viboko

Ifahamike kwa wote, kama lilivyotamka tangazo lenye mihuri mitatu, kwamba hifadhi ya viboko iliyo njia ya Makobola ni pori safi, ambalo tangu kuumbwa kwa ulimwengu halijapata kukaliwa na mtu. Na kwamba kila Jumamosi wananchi wanaalikwa kuja bure kujifunza mazingira na historia yake.

Historia ya mahali pasipokaliwa na mtu haiwezi kuwa ndefu. Ilitosha ukurasa mmoja, na ukurasa huo alikabidhiwa Dalila, binti wa mtaa wa Kimanga, awasomee wageni. Alikuwa katika mwezi wa tatu wa majaribio. Katika Jumamosi kumi na moja alikuwa amempata mgeni mmoja tu, naye alikuwa amepotea njia. Sasa biro, yaani ofisi ya hifadhi, ilikuwa imeandika: Jumamosi inayofuata atakuja mkaguzi, wageni wakipungua kumi, programu itafungwa, na mwongozaji atarudi nyumbani.

Dalila akamwendea shangazi yake, Mama Kadija.

"Shangazi, nisaidie. Mukuje Jumamosi. Iko bure. Tutaongelea watu wa zamani wa hapo."

"Watu wa zamani wa hapo?" Mama Kadija akaacha kuchambua mchele. "Wale wa biro wamekubali?"

"Wameandika kabisa."

Hapo ndipo mambo yalipopinda. Kule Kimanga ukialikwa kuongelea watu wa zamani, huendi na kalamu. Unakwenda na mkeka, ubani na chungu.

Jumamosi saa tatu wakashuka kwenye gari dogo la mizigo watu kumi na wawili, wanaume kwa kanzu zilizopigwa pasi, pamoja na sufuria ya wali wa Luberizi ambayo ilihitaji watu wawili. Dalila akajikaza. Akawapeleka kwanza majini, akawaonyesha viboko watano, waliolala kama mawe yenye masikio.

"Kiboko hula nyasi kilo arobaini kwa siku," akasema.

"Nyasi!" akacheka Mama Kadija. "Yule wa kushoto minye namujua. Alikulaka mihogo yangu yote, na hakusema hata asante."

Basi mazingira yakaishia hapo. Mzee Tariki, fundi wa mitumbwi aliyestaafu, akatangulia hadi nyuma ya vichaka, akang'oa majani kidogo kwa mkono, akatandika mkeka mbele ya mawe yaliyopangwa safu. Hitima ikaanza. Walikuwa katikati ya Yasini pikipiki ya mkaguzi ilipowasili.

Mkaguzi huyo, Frédéric, alikuwa mtu wa karatasi, tena mwenye adabu. Akavua kofia akangoja dua iishe.

"Dalila, hawa batu muko munafanya nao nini?"

"Programu, shefu. Mazingira tumemaliza. Sasa tuko kwenye historia."

Frédéric akahesabu vichwa. Kumi na wawili. Uso ukamlainika. Mama Kadija akamsogezea sahani ya wali na kipande cha samaki kuhe, na uso ukalainika zaidi.

"Ni vizuri. Sasa usome ile ukurasa, niandike kwamba nimesikia."

Dalila akaufungua. Kazi yake ilikuwa mkononi, kwenye mistari ishirini na miwili. Na mbele yake ameketi shangazi aliyemlea. Akasoma mstari wa kwanza, kwa sauti ya mtu anayeumwa jino: "Pwani hii haijapata kukaliwa na mtu."

Mzee Tariki akanawa mikono taratibu.

"Soma tena, binti yetu," akasema. "Weye soma pole pole, na hawa walio chini wasikie."

Dalila akaukunja ukurasa.

"Shefu, nimesahau miwani." Hajapata kuvaa miwani maishani. "Mzee Tariki atatusaidia."

Mzee hakungoja kuombwa mara ya pili. Hapa palikuwa na chuo cha Kurani, pale tanuri la kukaushia samaki, na kwenye mteremko ule shemeji yake alianguka na mahari yote ya mbuzi. "Tulikalaka hapa mpaka siku walileta waya ya uzio," akasema, akaendelea kwenye kisima. Frédéric akafuata hatua kwa hatua, kwa kuwa sahani ilikuwa bado haijaisha na Mama Kadija alikuwa akiijaza njiani.

Kabla ya kuondoka wageni wakapitishiwa rejista, jina kwa jina, safu kwa safu, na mkaguzi akaigonga muhuri huku mkono wa pili ukiwa na mwiba wa samaki. Taarifa yake ilikuwa fupi: programu imefaulu, historia imetolewa kulingana na ukurasa rasmi, mwongozaji athibitishwe kazini. Dalila alithibitishwa mwezi huo huo.

Rejista iliambatanishwa kama ushahidi, nayo ipo biro hadi leo. Imejazwa kwa hati nzuri. Kwenye safu ya mahali pa kuzaliwa, wageni tisa kati ya kumi na wawili wameandika: hapa.