Mbegu Tulizozifukua

Mahindi ya mbegu yalinuka moshi. Mama aliyaning'iniza juu ya meko yakiwa bado na maganda, na ukiyashika, vidole vilibaki na masizi na harufu ya kuni za mkaratusi hadi jioni. Yeye na Baba walipofariki nilikuwa na miaka kumi na mitano. Niliacha shule darasa la saba, nikabaki na wadogo zangu wawili, Wanjiku na Njoroge, katika shamba letu la Bahati, nje kidogo ya Nakuru. Mbegu zilizokuwa juu ya meko zilitosha kupanda mara moja tu. Zikiharibika, mwaka huo hatungekuwa na chakula.

Mvua ilikuja mapema, Machi haijaanza. Ilipiga mabati alasiri nzima hata tukashindwa kusikilizana, nami nikaamini msimu umefika. Mama alikuwa na desturi ya kuchimba kwanza, akiingiza mkono shimoni mpaka kiwiko, lakini mimi nilidhani ni uoga wake tu. Nilitandaza kamba ya kunyooshea mistari, tukapanda shamba zima kwa siku mbili. Wanjiku, aliyekuwa na miaka kumi na mmoja, aliuliza kwa nini tusibakishe kidogo. Nikamwambia mkubwa ni mimi.

Mvua haikurudi. Upande wa chini, maji yalikokusanyika, miche ilichomoza, ikajikunja, ikakauka. Upande wa juu hakukuota kitu. Jirani yetu Mama Chelagat alisimama kwenye ua akatazama.

"Wewe msichana, hiyo mvua ulipima na macho?"

"Ilinyesha sana, mama."

"Ilipiga kelele sana. Chimba uone."

Nilichimba. Kupita urefu wa kidole, udongo ulikuwa vumbi tupu. Lakini punje niliyoikuta ilikuwa ngumu, haijavimba. Wanjiku aliichukua akaiuma.

"Hii bado haijajua kama imepandwa," alisema.

Tukaanza kufukua, mstari kwa mstari, Njoroge akitangulia na kijiti. Punje zilizovimba tuliziacha. Zilizokuwa ngumu tulizirudisha nyumbani, tukazichanganya na majivu. Mvua ya kweli ilipofika Aprili, nilizamisha mkono hadi kiwiko kabla ya kupanda hata punje moja. Tulivuna nusu shamba. Uji ulikuwa mwepesi kwa miezi mingi, lakini hakuna aliyelala njaa.

Tangu hapo sikuacha kujiuliza mvua moja inawezaje kulowesha huku na kuacha kule. Daftari langu la hesabu lilikuwa limebaki na kurasa nyeupe, nikaanza kuandika: siku mvua ilipoanza, udongo ulilowa hadi wapi, siku ilipokatika. Sasa madaftari yamejaa sanduku. Katika kikundi chetu cha wakulima, mtu akisema mvua imebadilika, mimi humuuliza: imechelewa, imepungua, au imekuja yote kwa mkupuo? Hayo ni mambo matatu, na tukiyachanganya tutabishana mpaka chai ipoe. Mwaka mmoja mbaya nao haunitoshi. Natandaza miaka yote mezani. Naona siku ya kuanza inayumba zaidi kuliko zamani. Kuhusu kiasi siwezi kuapa, kwa sababu nilichopima ni shamba moja tu.

Njoroge siku hizi anaishi mjini, karibu na ziwa, ambalo limepanda likameza nyua na nyumba za watu. Juzi alinipigia simu.

"Dada, nyinyi huko mnalia ukame, na sisi hapa maji yanatufukuza. Nani anadanganya?"

"Hakuna. Wewe niambie yalianza kupanda mwaka gani, nitafute kwenye daftari."

Alicheka, akaniita profesa wa darasa la saba, kisha akaenda kuwauliza majirani.

Mama alijua mwezi wa kupanda, akachimba kuhakikisha tu. Mimi mwezi siujui tena. Mwaka huu nimepanda nusu ya shamba, nusu ya mbegu bado iko ndani, na mawingu yamesimama juu ya mlima Menengai tangu asubuhi. Sijui yataamua nini. Nikiweka kalamu chini, nitachukua jembe nikatazame.