Maji ya Samaki Hayamshibishi Mtoto

Mwanangu, weka kijiko chini kwanza, unisikilize. Mtoto wako ndiyo kwanza anaketi, na mimi kila nikikuona unamchujia mchuzi, nakumbuka mwaka ule watu walipokuwa wakivuka kutoka Burundi kukimbia machafuko. Wengi walishukia Kagunga, kule mpakani, wengine wakafika hadi hapa kwetu Rusimbi. Kwangu alikuja Mama Espe, binti yake mgongoni, rika la huyu wako.

Nilikuwa nimezaa mmoja tu, nikajiona mjuzi. Siku moja nikamkuta jikoni anaponda minofu ya samaki wa kuhe kwenye mchuzi wa mtoto. Nikampokonya mwiko.

"Kwetu mtoto hali nyama ya samaki kabla hajaanza kusema. Ulimi utakuwa mzito! Mpe maji yake, nguvu zote zimo humo."

"Ego, mama," akaitikia, yaani ndiyo, huku ameinamisha kichwa.

Basi akawa anachuja. Mtoto anakunywa maji yanayonukia, minofu tunakula sisi. Mungu anisamehe. Nilimwona yule mtoto akiisha mashavu, nikasema ni uchovu wa safari tu.

Mama mkwe wangu aliporudi kutoka shamba alimpakata, akamshika paja. Kisha akamuuliza mgeni, "Kwenu mtoto mnampikiaje?"

"Tunaponda kiazi na samaki, bibi. Tunatia na mawese kidogo."

"Sasa mbona humpikii hivyo?"

"Nyumba si yangu, bibi."

Mama mkwe akanigeukia. "Mgeni akikuitikia usidhani umemfundisha. Umemfunga mdomo tu, na anayeumia ni mtoto."

Tulipika upya papo hapo. Mtoto alikishika kijiko asikiachie, nami nikatoka nje nikalia. Lakini kabla mashavu yale hayajarudi, lori likaja kuwachukua kwenda kambini. Mpaka leo sijui kama alisimama kwa miguu yake. Wanasema majuto ni mjukuu. Wa kwangu keshaota mvi.

Kwa hiyo usichuje, mwanangu. Chemsha kiazi kilainike, toa miiba ya samaki kwa vidole vyako mwenyewe, usiamini macho peke yake. Ponda vyote pamoja, tia tone la mawese, chumvi acha. Uji wake uwe mzito, usichuruzike kwenye kijiko, na ziwa lako usimnyime. Kama huna kuhe, dagaa waliokauka watwange, uchekeche unga wake.

Na akija mtu kwako hana pa kwenda, muulize kwao wanafanyaje kabla hujamwambia kwenu mnafanyaje. Aliyepewa pa kulala hana ubavu wa kukubishia.

Mungu amjalie mwanao afya, akue mpaka akuchoshe kwa kumkimbiza. Na yule binti wa Mama Espe, kama yuko hai, Mungu amjalie jiko lake mwenyewe, asiwepo wa kumpokonya mwiko.