Siku ya Arobaini na Moja

Mama mkwe wangu hajui kunyamaza. Nasema hivi kwa heshima zote, na yeye akisikia atacheka, kisha ataongeza la kwake. Akija kwangu Miburani kutoka kisiwani kwake Chole, anaanza kusema tangu anaposhuka kwenye bodaboda: ua halijafagiliwa, kuku wamekonda, na mimi mwenyewe nimevaa nini hicho. Miaka ya mwanzo ya ndoa yangu nilikuwa nikimpa shikamoo yake, akiitikia marahaba, natafuta kazi jikoni ili nisikae naye karibu. Leo nikipata samaki mzuri, kichwa ni chake, na wala simngoji aombe.

Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, mama yangu mzazi alikuwa amekwishatangulia mbele ya haki, na mume wangu alikuwa na kazi ya ujenzi Dar es Salaam. Alikuja kumchinjia mtoto akika, akambeba mwanawe siku tatu, akarudi. Kwa hiyo aliyekuja kunilea uzazi ni mama mkwe. Alivuka kwa mashua mpaka Utende na sufuria yake kubwa, chupa mbili za mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe, na maneno yake.

Kila asubuhi alinikanda. Alichovya kitambaa kwenye maji ya moto yanayofuka mvuke, akakikamua, akanibandika mgongoni, kiunoni, mapajani, mpaka nikapiga kelele. "Lia tu," alikuwa akiniambia, "si wewe wa kwanza." Kisha mafuta, kisha tumbo kufungwa kanga hata kuinama siwezi, kisha uji wa pilipili manga, na mchana mchuzi wa pweza ili maziwa yapande. Baada ya wiki tatu mashavu yalikuwa yamejaa na ngozi inang'aa. Wanawake waliokuja kututazama hawakunisifu mimi, walimsifu yeye, kama fundi anavyosifiwa ukuta ulionyooka. "Mzazi kanawiri!" walisema, na yeye akajifanya hajasikia ili waseme tena.

Na ndani yangu hapakuwa na kitu. Nilimtazama mtoto kama mtoto wa jirani niliyeachiwa kwa muda, na mwenyewe hatokei kumchukua. Nilimnyonyesha kwa sababu maziwa yalikuwa yakiniuma. Akilala, mimi silali, nasikiliza pumzi zake kwa hofu. Akiamka, natamani alale. Pweza nilimtafuna bila kujua ladha yake. Machozi yalinitoka nikichambua mchele, nikasingizia moshi, wakati jiko halijawashwa.

Ningemwambia nani? Mimi ni mwalimu, nawafundisha watoto wa watu wajieleze kwa sentensi kamili. Mzazi anayechotewa maji, anayepikiwa, mwenye mtoto mzima wa afya, alalamike nini? Niliona nitasemwa sina shukrani, au nitasemwa nimepagawa. Nikanyamaza.

Tulikwenda kliniki. Nesi akampima mtoto kwenye mizani, akaandika kwenye kadi, akafurahi kwamba kaongezeka. "Na mama je?" akauliza. Nikajibu, "Mzima, alhamdulillahi." Aliyatazama mashavu yangu, akaniamini. Simlaumu hata kidogo, maana kwetu mzazi aliyenenepa hana shida, na aliyekonda ndiye anayeulizwa mara ya pili. Mimi mwenyewe nimewahi kuwasifu wazazi wenzangu namna hiyo, nikala ubwabwa wao, nikarudi nyumbani.

Nilichokuwa nakiogopa ni siku ya arobaini na moja. Arobaini ikitimia, mlezi hufunga mzigo wake na kwenda, na mzazi hubaki na mwanawe. Kazi sikuziogopa. Nilijiogopa mimi. Mchana mmoja kweupe wazo lilinijia: nimlaze kitandani, nirudishie mlango, niondoke, niendelee kwenda tu. Lilinijia kwa utulivu, kama mtu anavyowaza kwenda sokoni, na utulivu huo ndio ulionitisha.

Siku ya arobaini nilipakwa hina, nikatiwa wanja, nikavishwa doti mpya ya kanga. Mtoto akatolewa nje, vigelegele vikapigwa. Nilitabasamu mpaka taya zikaniuma.

Asubuhi yake bodaboda ilikuwa mlangoni inanguruma, na mama mkwe anamhimiza dereva afunge sufuria vizuri, maji yasije yakakupwa akakosa mashua Utende. Nilitoka nimemshika mtoto. Sikuwa nimepanga kusema lolote.

"Mama, nenda naye."

"Niende na nani?"

"Na mtoto. Mimi simuwezi. Utaniacha naye, nitamtupa niende zangu."

Alinyamaza. Tangu nimjue, ndiyo mara ya kwanza kumwona yule mama hana neno. Dereva alianza kukikagua kioo cha pikipiki yake kana kwamba amekiona siku hiyo. Kisha mama mkwe akafungua kamba, akashusha sufuria, akamwambia, "Nenda zako, baba. Maji ya leo hayanihusu." Akamchukua mtoto kwa mkono mmoja, mimi akanishika kwa wa pili, akaniingiza ndani, akanikalisha mkekani.

"Tangu lini?"

"Tangu wiki ya pili."

Akajipiga paja. "Na mimi nakukanda mgongo! Siku zote hizi, nakukanda mgongo tu!"

Nilikuwa nikisubiri kufokewa. Badala yake aliniambia kwamba wapo watakaosema nina shetani, na hatuwezi kuwafunga midomo, lakini sisi tutaanza kwa nesi, na tutaanza leo. Tulipofika zahanati, nesi alianza salamu kama ilivyo ada. Mama mkwe akamkatiza.

"Salamu baadaye, mwanangu. Huyu si mzima. Usimtazame mashavu, mashavu nimeyafanya mimi."

Nesi akafunga mlango. Akaniuliza mambo ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza: nalalaje, nala kwa hamu au kwa kulazimishwa, nawaza nini nikibaki peke yangu na mtoto, na kama nimewahi kuwaza kujidhuru au kumdhuru. Nikamjibu yote. Aliniambia ni ugonjwa unaowapata wazazi wengi, una tiba, na si dhambi yangu wala uvivu wangu. Akaniandikia nikamwone daktari hospitalini Kilindoni. Kule nilipewa dawa ambazo hazikunizuia kunyonyesha, na siku ya kurudi kila wiki kuzungumza. Mama mkwe naye alipewa kazi zake: nilale mchana mtoto akiwa naye, nitembee jua likipungua makali, na nisiachwe peke yangu mpaka daktari aseme.

Alizishika kazi hizo kama askari aliyepewa amri. Sufuria ikarudi jikoni, arobaini ikaanza upya. Majirani wakatania: mzazi gani huyo anakandwa mpaka mtoto atakaa kitako? "Wa kwangu," akawajibu. "Una swali jingine?" Kule Chole shamba lake la mihogo lilimezwa na majani, na sikumsikia akilitaja, yeye anayetaja kila kitu.

Ila kukanda kwake kulibadilika. Sasa kabla ya kubandika kitambaa aliniuliza, "Leo ndani kukoje?" Mwanzoni nilijibu kwa mazoea, kuzuri, naye akakishika kitambaa hewani, akangoja, maji yanamchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Nikajifunza kusema, "Leo kubaya."

"Haya, kubaya. Geuka."

Hakunipa mawaidha. Alilipokea neno langu, akaendelea na kazi, na kesho akauliza tena. Siwezi kueleza jinsi ninavyomshukuru kwa hilo. Daktari na dawa zake nawashukuru pia, lakini asubuhi zangu aliziokoa yeye.

Sikupona kwa siku moja. Nilianza kusinzia mchana bila kulazimishwa. Siku nyingine niliona mchuzi una chumvi nyingi, nikasema, na mama mkwe akakasirika kwelikweli, ndipo nikajua ladha imerudi. Daktari naye akasema sasa naweza kubaki peke yangu na mtoto, lakini mama mkwe hakugusa mzigo wake.

Kisha alasiri moja nilikuwa ninaanua nguo uani. Yeye yuko barazani na mtoto, na mtoto analia. Alimwimbia, akamtembeza, akamrusharusha, akamtikisia funguo. Wapi! Nikaweka nguo begani, nikasema, "Hebu nipe." Nilipompokea tu, akanyamaza. Akaingiza uso wake shingoni kwangu, akashusha pumzi.

Mama mkwe akashika kiuno. "Mtoto hana shukrani huyu! Muda wote nambeba mimi, kumbe alikuwa akimtaka huyu huyu!"

Nilimnusa kichwani, mafuta ya nazi na maziwa, na nikampenda. Nikakaa chini pale pale barazani. Nilikuwa nikilia na kucheka, na sikusingizia moshi.

Mama mkwe alitutazama sote wawili. Kisha akaingia ndani, nikamsikia anaanza kufunga mzigo wake. Sikumzuia.