Mpiga Ngoma Asiyechoka

Nikisema kisa hiki ni cha kweli, usidhani najivunia. Natamani kingekuwa uongo. Uongo ningeutunga mwenyewe, nikajipa sehemu ya heshima ndani yake, na kwa hakika ningejiacha na shati. Lakini mambo haya yalinipata nyumbani kwangu Matinyani, na akina mama wa kanisa ni mashahidi. Waulize. Watakwambia kabla hujamaliza kusalimu.

Tena usingoje giza wala makaburi. Ilikuwa mchana kweupe, jua la Kitui limepasha mabati mpaka yanalia.

Mwanzo wake ni kinanda. Mke wangu Mwende ni mwalimu, na ndiye aliyekuwa akipiga kinanda cha kanisani, kile cha zamani cha kukanyaga, mpaka panya wakala mifuko yake ya upepo kikabaki kukohoa. Stima ilipofika kwetu, miaka ile ya tisini mwanzoni, Mwende akasema anataka kinanda cha umeme, kikae nyumbani, apige akitoka shule. Aliweka akiba muda mrefu sana. Hakununua hata leso.

Mimi si mtu wa safari. Nikifika Kitui mjini natamani kitanda changu. Kwa hiyo Mutua, mfanyabiashara tunayesali naye, akatuletea vinanda viwili kwa pikapu. Akaviweka sebuleni.

"Kaeni navyo hadi Jumatatu," akasema. "Mchague mkiwa kwenu, bila haraka."

Mwende alikuwa anakwenda semina ya walimu Machakos, arudi Jumamosi. Akanitazama vile anavyotazama mwanafunzi wa nyuma.

"Baba Ndinda, wewe kazi yako ni kuviwasha tu, uone kama vinatoa sauti. Kuchagua niachie mimi. Nataka kile ambacho vibao vyake ni vizito, vidole visikie kitu. Na usidanganywe na taa."

Mwanamume mzima, nimemaliza kidato cha nne, naachiwa kuwasha tu! Kabla hajafika barabarani nilikuwa nimeshaamua kwamba akirudi atakuta nimechagua.

Kinanda cha kwanza kilikuwa cha rangi ya mbao, kama kabati la vyombo. Vibao vizito, pedali mbili chini, sauti moja tu. Niligonga, kikasema "doo" kwa adabu, kikanyamaza kungoja niseme mengine. Sikuwa na mengine. Cha pili, ndugu yangu! Taa nyekundu, taa za kijani, sauti za tarumbeta, za mvua, za mbwa. Na midundo, mingi kuliko watu wa Matinyani. Unabonyeza tu, kinajipiga chenyewe. Nikaona huu ndio muziki wa mtu mwenye akili. Sebule yetu ina soketi moja, nikaikabidhi kwake.

Basi Jumamosi nimekula, nimeketi mbele yake, nabonyeza mdundo baada ya mdundo. Mmoja wa harusi. Mmoja wa wazungu kuzungukana. Kisha nikabonyeza mmoja, na mkono wangu ukabaki hewani.

Ulikuwa mdundo wa kilumi.

Kilumi ni ngoma ya akina mama wa zamani, ya kuita pepo. Walitueleza tukiwa wadogo, kwa kunong'ona, kwamba kila pepo ana mdundo wake, na akiusikia huja. Kwetu tuliokoka, hata kuutaja mdundo ule kulikuwa na kiboko chake. Je, nilizima? Nilijiambia hii ni mashine, imetoka ng'ambo, itajuaje mambo ya Wakamba? Nikaongeza sauti.

Mlangoni kukasimama mwanamke. Hodi hakupiga. Mzee, mwembamba, miguu imejaa vumbi jekundu hadi magotini, shanga zimezidi shingo.

"Mpigaji yuko wapi?" akauliza kwa Kikamba.

"Hakuna mpigaji, mama. Ni mashine."

Akaingia. Akachungulia nyuma ya kinanda, akainama akachungulia chini ya meza. Niamini, ningecheka kama kivuli chake kingeingia pamoja naye. Kilibaki nje, mlangoni pale, kama mbwa aliyekatazwa.

"Hachoki?"

"Hachoki."

"Wapigaji wangu wote walikuwa wakichoka," akasema, na uso wake ukachangamka kama wa msichana. "Wewe ni mjukuu wa Kavata."

Kavata ni nyanya yangu mzaa baba. Alikufa zamani, muumini, wa kwanza kubatizwa kwenye mlima wetu. Nikaitikia kwa kichwa.

"Nyanya yako aliingia kanisani akaniacha nje. Nimesimama tangu siku hiyo. Inuka."

Nikainuka. Mbona? Hata leo najiuliza. Mabega yalianza yenyewe, bega la kushoto kabla ya la kulia, kisha miguu. Mimi ambaye kwenye harusi yangu mwenyewe nilisimama kama nguzo ya simu!

"Vua hiyo," akasema. "Kilumi hakichezwi na vifungo."

Nikavua shati. Kitambaa cheupe cha kwaya cha Mwende kilikuwa kitini, nikajifunga kiunoni. Nikaokota mwiko jikoni nikaupunga kama usinga. Nikacheza. Jasho likaniingia machoni, miguu ikachubuka kwenye sakafu, nami nikawa namsihi mdundo usimame. Zamani ngoma ilikwisha mpigaji alipochoka, mchezaji akapona. Mimi nilikuwa nimewasha mpigaji asiyechoka, na swichi iko pale, hatua moja, wala mkono wangu haukutaka kuifikia.

Hivyo ndivyo Mwende alivyonikuta. Angekuwa peke yake, afadhali. Lakini alikuwa amekutana na wenzake wa kwaya barabarani, akawaambia kwa furaha, njooni mwone, vinanda vimekuja. Wakaingia wote. Mimi uso kwa uso nao, kifua wazi, mwiko juu. Yule mama wa shanga hakuwepo tena.

Mama Kalunda, mwenyekiti wao, ndiye aliyepata ulimi kwanza.

"Baba Ndinda! Kumbe uliokoka kutoka kiunoni kwenda chini?"

Wakacheka. Nami nikaendelea kucheza, na hapo wakaona machozi, wakaacha kucheka.

"Mwende, zima!" nikalia. "Siwezi kusimama!"

Mwende akabonyeza swichi. Mdundo ukaendelea. Akachomoa waya ukutani, taa zikafa. Mdundo ukaendelea. Utasema kilikuwa na betri. Nasi tulisema hivyo. Mama Kalunda alikigeuza akafungua mahali pa betri. Patupu. Akakiachia kama amegusa jiko.

Mwende hakupiga kelele. Alichukua waya wa kile cha mbao, akauchomeka, akavuta kiti, na vumbi la safari bado mikononi akaanza kupiga wimbo wa kanisani, taratibu, kwa vile vibao vizito. Mdundo ukapigana naye. Ukakimbia, ukarudi. Yeye hakuharakisha wala hakuinua macho. Ubeti wa pili mdundo ukayumba. Wa tatu ukakatika. Nikaanguka kifudifudi.

Mwende alimaliza wimbo mpaka amina. Akaacha mikono juu ya vibao.

"Ni hiki," akasema. "Ningechagua hiki."

Hilo ndilo linaloniuma, si lile la shati. Kwa sababu papo hapo Mama Kalunda akasema vyote viwili vitoke, vilikaa chumba kimoja, nani ajuaye kimoja kimeambukizwa nini na kingine. Wenzake wakaitikia. Ningeweza kumtetea mke wangu. Nilikuwa nimelala sakafuni na kitambaa cha kwaya kiunoni. Ningesema nini, nani angenisikiliza? Nikageukia ukuta. Jumatatu Mutua akaja, na Mwende akashika upande mmoja wa kile cha mbao akasaidia kukipakia, bila kuniita nisaidie. Neno la kinanda hajalitaja tena. Akiba ile ikaenda karo ya Ndinda.

Wewe unayetafuta kinanda cha nyumbani, nakuomba: atakayekipiga ndiye akichague, wewe kaa mbali na vitufe. Na ukikuta mdundo ambao mwili wako unaujua nawe hukumbuki kuufundishwa, zima ungali unaweza.

Mimi siku hizi huketi benchi la nyuma. Kanisani hakuna kinanda, Mwende huanzisha nyimbo kwa sauti yake, na wengine hugeuka kidogo kunitazama. Nami huinamisha kichwa nikajikumbatia mabega. Wanafikiri ni aibu tu. Ni aibu, sikatai. Lakini pia ni kwamba dirisha la nyuma liko karibu nami, na yule mama wa shanga husimama hapo nje mpaka baraka, akiningoja nimalize ngoma yake.